Kabla Hujafungua Daftari: Kufanya Utafiti na Jamii Asilia kama Washirika

Kwa miaka sita nilikuwa mkalimani wa watafiti kabla sijawa mtafiti. Mkalimani hukaa katikati. Upande mmoja yupo mtu wa chuo kikuu mwenye fomu mkononi, upande wa pili yupo mama aliyeacha shughuli zake akaja kukaa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu ameitwa. Maneno ya wote wawili hupitia kinywani mwako. Swali nililolitafsiri mara nyingi kuliko yote, kutoka kwa huyo mama kwenda kwa huyo mwenye fomu, ni hili: "Wale waliokuja kabla yenu, waliyoyaandika yako wapi?"

Sijawahi kutafsiri jibu lililomtosha aliyeuliza.

Siku hizi vyuoni tunazungumza sana kuhusu kuondoa ukoloni katika utafiti. Watu wanabadilisha istilahi, wanaongeza wanazuoni wa kwao kwenye orodha za marejeo, wanaandaa makongamano. Yote hayo yana faida. Ila mimi, kwa nilivyokaa katikati, ukoloni wa utafiti nauona katika mambo manne: nani alichagua swali, nani ameshika fedha, nani anamiliki yaliyokusanywa, na nani akisema "hapana" anasikilizwa. Haya ndiyo nitakayokuonyesha namna ya kuyashughulikia, hatua kwa hatua, kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu.

Tafuta kwanza yaliyokwisha kuchukuliwa

Kabla hujaandika hata sentensi moja ya andiko la mradi, ingia maktaba. Tafuta tasnifu, makala, ramani, picha na kanda za sauti zinazohusu jamii hiyo. Angalia pia makumbusho na maabara zinazohifadhi sampuli. Andika orodha: nini kilichukuliwa, mwaka gani, kiko wapi, nani ana ruhusa ya kukifungua. Chapisha unavyoweza kuchapisha, kwa herufi kubwa, uende navyo siku ya kwanza.

Hatua hii huifanya ziara ya kwanza kuwa kitu tofauti kabisa. Unafika ukiwa na kitu cha kurudisha. Watu wanakaa, wanapitia, wanakuambia lipi ni la kweli na lipi lilikosewa, na mara nyingi utagundua kwamba swali ulilotaka kuuliza walishaulizwa, tena zaidi ya mara moja. Mwanafunzi wa umahiri mwenye miezi michache tu ya kazi ya uwandani, mimi humshauri aishie hapa: afanye kazi ya kurudisha na kusahihisha yaliyokwisha kuandikwa. Ni utafiti kamili. Kuanzisha uhusiano mpya na jamii nzima kwa miezi mitatu kisha kutoweka ni kuwaumiza.

Swali lisitoke chuoni peke yake

Utaratibu uliozoeleka ni huu: mtafiti anaandika andiko, mfadhili anatoa fedha, kamati ya maadili inapitisha, ndipo mtafiti anaenda kwa jamii. Wakati huo swali limeshafungwa, muda umeshafungwa, bajeti imeshafungwa. Kilichobaki kwa jamii ni kuitikia au kukataa, na kukataa mbele ya wageni waliotoka mbali, walioletwa na kiongozi, ni jambo gumu sana.

Nenda mapema. Omba fedha ndogo ya maandalizi. Vyuo na wafadhili wengi huwa nayo. Nenda bila dodoso na bila kinasa sauti. Waulize watu watatu wasiokaa pamoja, kwa mfano mzee, kijana na mwanamke aliye kwenye kikundi, swali moja tu: "Nikitaka kuzungumza na jamii hii yote, nianze kwa nani?" Majibu yakifanana, una mlango. Yakitofautiana, ujue kuna mvutano wa uongozi. Punguza mwendo, maana ukikimbilia kwa aliye karibu na barabara utakuwa umechagua upande bila kujua.

Kisha uliza wao wanataka kujua nini.

Nilimsindikiza mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliyekuwa anataka kuandika kuhusu mimea ya dawa. Kikao cha kwanza walimsikiliza kwa adabu. Cha pili mzee mmoja akasema, "Mimea tunaijua. Tusichojua ni kwa nini maji ya chemchemi yamebadilika ladha." Nilitafsiri, kisha nikamtazama usoni. Alinyamaza kwa muda, akafunga daftari, akauliza, "Tangu lini?" Siku ile mradi wake ulihama. Alirudi chuoni akamtafuta mtu wa jiolojia, akaandika upya, akachelewa kuhitimu kwa mwaka mzima. Sura ya kwanza ya tasnifu yake ikawa maji. Mimea ilikuja kuwa sura ya nne, na kwa sababu ya yale maji aliambiwa habari za mimea ambazo nina hakika asingeambiwa kamwe.

Si kila mwanafunzi atapata msimamizi wa kuruhusu mwaka wa nyongeza. Ndiyo maana msimamizi naye ahusishwe tangu ziara hiyo ya kwanza, hata kwa simu, asikie mwenyewe.

Ridhaa: sentensi moja ndogo inayobeba mengi

Kwenye fomu nyingi za ridhaa, karibu na mwisho, kuna sentensi isemayo kwamba taarifa au sampuli "zinaweza kutumika katika tafiti nyingine baadaye". Nimeitafsiri sentensi hiyo mara nyingi sana. Siku moja baba mmoja, kalamu tayari iko mkononi, aliniuliza, "Tafiti zipi?" Nikamgeukia mtafiti. Akasema bado haijulikani. Nikatafsiri. Yule baba akaiweka kalamu mezani: "Basi mnaniomba nikubali jambo ambalo hata ninyi hamlijui."

Alikuwa sahihi, na historia iko upande wake. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, nchini Marekani, walianza kukusanya damu ya Wahavasupai, watu wa asili wanaoishi ndani ya bonde kubwa la Grand Canyon. Watu walielewa kwamba wanatoa damu kwa ajili ya kisukari, ugonjwa uliokuwa unawamaliza. Damu hiyo hiyo ikaja kutumika kuchunguza maradhi ya akili, kuoana kwa ndugu, na asili ya kabila, tena ikatoa maelezo yanayopingana na masimulizi yao wenyewe ya walikotoka. Walikuja kujua mwaka 2003, pale mmoja wao alipohudhuria utetezi wa tasnifu chuoni hapo. Kesi iliisha mwaka 2010 kwa makubaliano: dola 700,000 kwa watu 41, na sampuli kurudishwa kwao. Huko Kanada, Wanuu-chah-nulth wa kisiwa cha Vancouver walitoa damu miaka ya 1980 kwa utafiti wa baridi yabisi. Mtafiti alipohama aliondoka nayo, ikatumika kutafiti nasaba zao bila wao kuulizwa. Ilirudishwa mwaka 2004.

Katika visa vyote viwili hakuna aliyevunja mlango wa mtu. Ridhaa ilitolewa. Ilitumika tu kwa mambo ambayo mtoaji hakuyajua.

Kwa hiyo, fomu yako iandike hivi. Kila matumizi yawe na mstari wake na kisanduku chake: kuhojiwa, kurekodiwa sauti, kupigwa picha, kutajwa jina, kuhifadhiwa, kutumiwa na mtafiti mwingine. Mtu aweze kukubali matatu na kukataa matatu. Matumizi yoyote mapya yarudi kwao kuombwa upya. Tafsiri ya fomu isifanywe ofisini na mtu mmoja: keti na wazungumzaji watatu au wanne wa lugha hiyo, pitieni neno kwa neno, kisha mtu mwingine ambaye hajaiona fomu ya awali airudishe katika lugha ya chuo. Pale tafsiri mbili zinapopishana ndipo palipo na tatizo. Maneno kama "data", "sampuli" na "hifadhi" ndiyo hupishana zaidi. Mara moja "sampuli" ilirudi ikiwa "zawadi kidogo". Fikiria mtu anavyokubali anaposikia zawadi, na anavyokubali anaposikia kitu kinachobaki kuwa chake.

Ukimaliza kusoma fomu, usiulize "umeelewa?" Kila mtu atajibu ameelewa. Mwombe akueleze kwa maneno yake: nitafanya nini na sauti yako, itakaa wapi, ukibadili mawazo utafanyaje? Asipoweza kueleza, kosa ni la kwako. Anza upya. Na ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa ina uzito sawa na sahihi. Kuna jamii ambazo karatasi ya kutia sahihi ndiyo iliyowapokonya ardhi, na hofu yao ya kalamu ina sababu.

Tena ridhaa ni mbili, ya mtu na ya jamii. Kamati nyingi za maadili za vyuo huangalia ya mtu tu. Lakini hadithi ya ukoo, wimbo wa ibada, au taarifa za jeni hazimhusu mmoja. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007, ibara ya 31, linatambua haki ya jamii kudhibiti na kulinda maarifa yake, mbegu zake, dawa zake na rasilimali za kijenetiki. Kama kamati ya chuo chako haina kipengele cha ridhaa ya jamii, ongeza mwenyewe kwenye maombi, na uambatishe barua au rekodi ya baraza la jamii. Nimeona kamati zikijifunza kwa njia hiyo.

Fedha

Hapa nitasema kwa ufupi kwa sababu hakuna ugumu wa kuelewa, ugumu ni wa kutenda. Onyesha bajeti nzima, pamoja na mshahara wako. Watu wa jamii wanaofanya kazi ya utafiti wapewe mikataba na malipo ya watafiti wasaidizi. Posho ya kikao haitoshi kwa mtu anayefikiri nawe kwa miezi. Mkalimani alipwe kwa maandalizi pia, si kwa saa za kusema tu. Weka fungu la mikutano ya mrejesho tangu mwanzo, maana likikosekana kwenye bajeti mrejesho hautafanyika. Nimeliona hilo kila mara. Na pale inapowezekana, fungu la jamii liingie moja kwa moja kwenye akaunti ya jamii.

Kama kuna uwezekano wowote wa kazi yako kuzaa bidhaa au hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi), mazungumzo ya kugawana manufaa yafanyike kabla ya maabara. Wasan wa kusini mwa Afrika walikuwa wakitafuna mmea wa hoodia kwa vizazi vingi ili kutuliza njaa na kiu wakati wa mawindo. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikakatia hataza sifa hiyo miaka ya 1990, ikatoa leseni kwa kampuni, na Wasan walikuja kupata makubaliano ya kugawana manufaa mwaka 2003, baada ya kelele nyingi. Wenye maarifa waliingia wa mwisho kwenye meza yao wenyewe.

Hati ya makubaliano

Iandikeni pamoja, katika lugha mbili, na isiwe ndefu. Huna haja ya kubuni kila kitu. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao za maadili ya utafiti, na zimejengwa juu ya maneno ambayo mtu yeyote anayaelewa: heshima, uaminifu, haki na usawa, kujali, pamoja na kufuata utaratibu wao. Mataifa ya Kwanza ya Kanada, yaani jamii asilia za huko, yana kanuni zilizoanza mwaka 1998 zinazodai mambo manne juu ya data: umiliki, udhibiti, ufikiaji na uhifadhi. Wasomee watu mifano hii. Kujua kwamba wengine wameshadai na wakapata kunabadilisha namna watu wanavyokaa kikaoni.

Hati ijibu haya: data ni ya nani. Nani atasoma rasimu kabla ya kuchapishwa, na atapewa siku ngapi. Mambo gani hayatachapishwa kamwe. Mtafiti akihama chuo, data inaenda wapi. Tukikosana, nani atatusuluhisha.

Watafiti wengi huogopa kipengele cha kusoma rasimu. Wanauliza, je, jamii ikifuta matokeo yasiyowapendeza? Naliheshimu swali hilo. Msimamo wangu ni huu: kuhusu mahali patakatifu, majina, dawa, nyimbo na mambo ya ibada, neno la mwisho ni lao, bila mjadala. Kuhusu tafsiri ya matokeo, tunajadiliana, na tusipokubaliana maelezo yao yanachapishwa kando ya yangu, kwa maneno yao, ndani ya makala ileile. Katika kazi zangu imetokea mara mbili, na zote mbili msomaji alipata makala iliyo bora zaidi. Nisingekubali kuficha madhara ambayo mtu anafanyiwa, na hilo nalo nalisema wazi mwanzoni kabisa, kabla ya sahihi.

Mrejesho ufanyike kabla ya kuchapisha

Neno hili limezoeleka hadi limechakaa: mradi umeisha, mtafiti anarudi na kipeperushi, picha ya pamoja inapigwa. Mrejesho ninaousema unafanyika wakati bado kalamu inaweza kufuta.

Nilijifunza hili kwa kosa. Tulikuwa tumetengeneza ramani ya vyanzo vya maji, nikiwa mtafiti sasa, jina langu likiwa juu. Tulikuwa na vituo kumi na tisa, kila kimoja kimepimwa kwa GPS. Tuliichapisha kwa ukubwa wa meza, tukaitandaza chini. Bibi mmoja aliinama juu yake muda mrefu, akifuata mstari wa mto kwa kidole, akitaja majina kimoyomoyo. Kidole kikasimama kwenye kituo cha kumi na nne. Hakupaza sauti. "Hapa nani amewaonyesha?"

Kijana mmoja alikuwa ametuonyesha, kwa nia njema, kwa sababu tuliuliza chanzo chochote cha maji. Hapo palikuwa mahali pasipotajwa mbele ya mgeni, na sisi tulikuwa tumepapima hadi mita. Makala ilikuwa imeshakubaliwa na jarida. Bibi yule alikaa chini pembeni ya ramani, akaegemeza mkono juu ya kile kituo kama mtu anayefunika chungu, akakaa hivyo wakati sisi tunashauriana. Mkono ule siusahau.

Tuliiondoa makala. Tulichora upya ramani yote kwa maeneo mapana yenye kivuli badala ya nukta, ili pasijulikane hata kwamba kuna kilichofutwa. Tulifuta vipimo kwenye kompyuta zote na kwenye vifaa vya GPS, mbele ya wawakilishi wawili wa jamii. Ilichapishwa miezi minane baadaye. Na yule kijana tulikwenda naye kwa wazee, tukasema mbele yao kwamba kosa ni letu, sisi tuliouliza vibaya.

Tangu siku ile ninafanya mrejesho hivi. Kila kitu kinasomwa kwa sauti, katika lugha yao, pamoja na vichwa vya majedwali. Picha na ramani zinachapishwa kubwa, zinakaa chini au ukutani, watu wanazizunguka. Kikao cha wanawake kinakuwa peke yake, na cha vijana peke yake. Kati ya kikao cha kwanza na cha pili lazima kuwe na angalau usiku mmoja, kwa sababu mambo mazito watu huyajadili nyumbani, na anayekuja asubuhi kukusubiri nje ya mlango ndiye mwenye neno. Marekebisho yote yanaandikwa kwenye karatasi kubwa mbele yao, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kuonyesha kila moja lilivyotekelezwa.

Majina

Tumefundishwa kuficha majina ya wote tuliowahoji, kana kwamba ndiyo adabu pekee. Uliza. Fundi wa dawa aliyekufundisha kwa wiki tatu anaweza kutaka jina lake liandikwe kama unavyoandika la profesa. Mwingine atataka lifichwe. Aliyechangia mawazo, aliyekusanya, aliyesahihisha, awe mwandishi mwenza; na kama mchango ni wa baraza zima, majarida mengi sasa yanakubali jina la jamii liwe miongoni mwa waandishi. Uliza kabla ya kutuma makala.

Data ikae nyumbani

Mwisho wa mradi, mambo haya huharibika kwa uzembe kuliko kwa ubaya. Kanda zinabaki kwenye diski ya mtu, mtu anahama, diski inakufa. Panga mapema nakala tatu: moja kwa jamii, moja kwenye hifadhi ya chuo yenye masharti yaliyoandikwa na jamii, moja mahali pa tatu mtakapokubaliana. Zipo programu zilizotengenezwa kwa kazi hii. Mukurtu, kwa mfano, ilianza pamoja na Wawarumungu wa Tennant Creek huko Australia. Jina lake ni la mfuko wa kuhifadhia vitu vitakatifu, na inairuhusu jamii kuamua nani aone nini: wanawake tu, ukoo fulani tu, au kila mtu. Lakini usilete programu isiyo na umeme wa kuiendesha wala mtu wa kuitunza. Kuna mahali ambapo kabati la chuma, kanda zilizoandikwa lebo kwa mkono, na daftari la kusaini anayeazima ndivyo vitakavyodumu. Fundisha watu wawili, mmoja akiwa kijana.

Kwenye kila rekodi andika jina la msemaji kama alivyotaka liandikwe, tarehe, mahali, na masharti aliyoyaweka. Masharti hayo yaandikwe ndani ya faili lenyewe, maana karatasi ya pembeni hupotea.

Na siku ya kukabidhi, kaeni pamoja na hao walioteuliwa kutunza. Chagueni faili moja bila kupanga, walifungue wao kwa mikono yao, mlisikilize mwanzo hadi mwisho. Likikataa kufunguka, au wakihitaji kukupigia simu kuuliza neno la siri, bado hujakabidhi.